Mwogeleaji wa Mguu Mmoja

Mtu akikatwa mguu, wengi hudhani kwamba michezo imekwisha kwake. Humpa pole, humtafutia kiti akae kando atazame wengine, nao huona kuwa wamemtendea wema. Lakini habari za Natalie du Toit, binti wa Afrika ya Kusini, zaonyesha kwamba yafaa kuuliza kwanza neno jingine, yaani: Viungo alivyobakiwa navyo vyaweza kufanya kazi gani, na mahali gani?

Natalie alizaliwa katika mji wa Cape Town mwaka 1984. Alianza kuogelea angali mtoto, na alipokuwa na umri wa miaka 14 alichaguliwa kuiogelea nchi yake katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, iliyofanyika Kuala Lumpur mwaka 1998. Shabaha yake ilikuwa Michezo ya Olimpiki, ambayo huwakutanisha washindani hodari wa dunia nzima kila baada ya miaka minne. Mwaka 2000 aliikosa nafasi hiyo kwa kitambo kidogo tu.

Hata mwezi wa Februari mwaka 2001, alikuwa ametoka katika mazoezi ya kuogelea, anakwenda shuleni kwa pikipiki yake ndogo. Njiani motakaa ikamgonga, ikamponda mguu wa kushoto. Madaktari walijitahidi kuuponya, lakini haikuwezekana. Baada ya siku chache waliukata penye goti. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 17. Ilipopita miezi mitatu alirudi majini, naye alikuwa hajaanza bado kutembea.

Ili tuufahamu ugumu wa kazi yake, na tutazame miguu humfaa nini mwogeleaji. Kazi zake ni tatu. Kwanza, humsukuma mbele. Pili, huinua nyonga zisizame, mwili ukalala sawasawa juu ya maji. Maana mwili ukizama upande wa nyuma, maji huuzuia usiende mbio. Tatu, huuweka mwili katika mizani. Kwa kuwa mkono ukivuta maji, mwili hutaka kupinduka, na miguu huurudisha. Mwenye mguu mmoja huvutwa kombo, mfano wa mtumbwi upigwao kafi upande mmoja tu. Basi ilimlazimu Natalie kuifundisha upya mikono yake, na tumbo lake, na mguu uliobaki. Nchi kavu alitembea kwa mguu wa bandia. Lakini kila alipoingia majini aliuvua, akauacha ukingoni.

Mwaka 2002 alikwenda tena katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, safari hii katika mji wa Manchester, Uingereza. Huko aliogelea mita 800 pamoja na wenye miguu miwili, akafika katika mbio za mwisho, akawa wa nane. Kabla yake hapakuwa na mwogeleaji aliyekatwa kiungo aliyefika hapo katika michezo hiyo. Ian Thorpe wa Australia alipata nishani sita za dhahabu katika mashindano hayo, lakini tuzo ya mwanamichezo bora kuliko wote alipewa Natalie.

Hata hivyo bwawa lilikuwa na tatizo lake. Urefu wa bwawa la mashindano makubwa ni mita 50. Aogeleaye mita 800 hana budi kugeuka mara 15, na kila ageukapo huusukuma ukuta kwa nyayo zake ili apate mwendo. Wenziwe walisukuma kwa miguu miwili, yeye kwa mmoja. Alipoteza kidogo hapa na kidogo pale, na vidogo hivyo vikijumlishwa huwa vingi.

Katika mbio ndefu za ziwani na baharini hakuna ukuta wa kusukuma. Tena, kwa kuwa safari ni ya mbali, waogeleaji wengi hutegemea mikono zaidi, wakipunguza mateke ya miguu ili wasichoke mapema. Huko hasara yake ilikuwa nyepesi zaidi, ingawa haikuondoka. Lakini taabu nyingine zilikuwa za wote: mawimbi, maji ya baridi, na viwiko vya watu wanaogombea njia. Basi Natalie akaelekeza nguvu zake huko.

Mwezi wa Mei mwaka 2008 alishindana katika mbio za kilometa 10 za kuwania ubingwa wa dunia, katika mji wa Seville, Hispania. Kumi wa kwanza walipata nafasi ya kwenda Olimpiki, naye alikuwa wa nne. Nafasi hiyo hakupewa kwa huruma. Aliipata kwa mikono yake.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, katika mji wa Beijing, China, ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake mbele ya wenziwe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mbio za kilometa 10 kuwamo katika Olimpiki. Natalie aliogelea kwa muda wa saa mbili na sekunde 49, akawa wa 16. Mshindi, Larisa Ilchenko wa Urusi, alimtangulia kwa dakika moja na sekunde 22 tu. Watazamaji walimshangilia sana, lakini mwenyewe hakuridhika. Alikuwa amekwenda kushindana, wala si kustaajabiwa.

Alishindana pia katika Paralimpiki, ambayo ni michezo ya watu wenye vilema. Alipata nishani tano za dhahabu Athens mwaka 2004, tano Beijing mwaka 2008, na tatu London mwaka 2012. Baada ya hapo aliacha mashindano.

Mguu wake haukurudi, wala maji hayakumpunguzia umbali. Kilometa 10 zilikuwa kilometa 10 kwake kama kwa wenziwe, na hiyo ndiyo heshima aliyoitaka. Basi mwanafunzi akimwona mwenziwe aliyepungukiwa na kiungo, asifanye haraka kumtafutia kiti. Na amwulize kwanza ataka kucheza mchezo gani.