Gari la porini: Lala chini yake kabla ya kutoa pesa

SHEMEJI yangu ni mwalimu wa hesabu na si mtu wa kupumbazwa kwa urahisi. Lakini Jumamosi ile alipoliona gari lile limeegeshwa chini ya mjakaranda, kifua mbele kama jogoo, hesabu zote zilimtoka kichwani.

Lilikuwa Land Rover Defender 110 la rangi ya kijani, lililoinuliwa inchi 4 kupita kimo chake cha kiwandani. Tairi zilikuwa na meno kama ya trekta. Mbele kulikuwa na winchi, juu ya paa hema la kulalia, na ubavuni bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi juu ya kioo ili injini isimeze maji wakati wa kuvuka mto. Taa nilizihesabu mwenyewe zikawa 11. Bei? Shilingi milioni 1.8.

"Ukinunua gari tupu kisha uanze kuongeza vitu hivi kimoja kimoja, utafilisika," muuzaji, kijana mcheshi, alimwambia. "Hapa mwalimu, kazi imekwisha. Ni kutia mafuta na kwenda."

Katika hilo hakusema uongo. Mwenye kufunga springi mpya, winchi na bampa la chuma hairudishiwi pesa zake zote anapouza, na anayefaidika ni mnunuzi wa pili. Tena, sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Defender ya muundo ule wa zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016. Kwa hivyo anayeitaka leo hana budi kuitafuta miongoni mwa zile zilizo tayari humu nchini, na nyingi kati ya hizo zimekwisha kuguswa na mkono wa mtu.

Hapo ndipo penye mtego. Unaponunua gari lililokwisha kubadilishwa, unanunua pia maamuzi ya mtu usiyemjua, pamoja na kazi ya fundi ambaye hujawahi kumwona akichomelea.

Kwa bahati nzuri dada yangu alikuwa amesisitiza kwamba tusiende bila fundi. Tulimchukua mzee mmoja wa jua kali kutoka Kariobangi, ambaye amelala chini ya Land Rover nyingi kuliko vitanda. Mzee hakutazama taa wala hema. Alitandika gunia, akaomba tochi, akatoweka. Tukasikia nyundo yake ndogo ikigonga: ting, ting, ting. Kisha: tup.

"Mwalimu, hebu njoo," akaita.

Bodi ya Defender ni ya aluminiamu, lakini chesi yake ni ya chuma. Bodi yaweza kung'aa kama sahani ya sikukuu huku chesi ikiliwa na kutu ndani kwa ndani, hasa sehemu ya nyuma ambako matope hujikusanya. Pale palipolia tup palikuwa pamepakwa rangi nzito nyeusi, mpya kabisa, ilhali sehemu nyingine zote za chini zilikuwa na vumbi la miaka.

"Ya nini kumpaka mzee wanja?" fundi akauliza, akikwaruza kwa bisibisi. Kutu ikamwagika kama unga.

Kuchomelea chesi si kosa. Magari mengi ya porini yamechomelewa na yanaendelea kufanya kazi. Jambo la kutazama ni mshono wenyewe. Mshono mzuri umelala sawasawa na umeshika pande zote za bamba, na ule mbaya una madonge na matundu. Ukiona ufa mpya kando ya mshono wa zamani, jua chuma hicho kinakuambia kimechoka. Aidha, tazama pale springi zinaposhikana na chesi, pale mashine ya usukani inapofungwa kwa bolti, na pale bampa la winchi linapokamata. Huko ndiko nguvu zote hupita gari linapovutwa kutoka kwenye tope.

Lakini kilichomkatisha shemeji tamaa hakikuwa kutu. Fundi alipiga jeki chini ya chesi hadi gurudumu la mbele likaning'inia hewani, kisha akamwita atazame mpira unaopitisha mafuta ya breki. Ulikuwa umekazika kama uzi wa gitaa.

Mpira ule ulikatwa kiwandani kwa kimo cha kiwandani. Aliyeinua gari inchi 4 aliweka springi ndefu na shoki ndefu, akaacha mpira ule ule. Gari likiwa barabarani huoni lolote. Likipanda mwamba, gurudumu moja likashuka shimoni, uzito wa gurudumu unaanza kubebwa na mpira wa breki. Siku utakapokatika, mafuta yatamwagika na mguu wako utazama hadi sakafuni. Shemeji alikuwa na ndoto ya kupeleka jamaa yake Loiyangalani mwezi wa Desemba, kupitia Maralal na Baragoi. Wanaoijua njia ile wanakumbuka mteremko ulioko kaskazini mwa Maralal. Nilimwona mwalimu akimeza mate.

Muuzaji alijitetea kwamba mipira mirefu si ghali, na ni kweli. "Kijana wangu," mzee akamjibu bila hasira, "aliyesahau breki, amesahau nini kingine?"

Alikuwa amesahau mengi. Gari la namna hii likiinuliwa, ekseli ya mbele hujipinda kidogo, na ile pembe inayofanya usukani ujirudishe wenyewe baada ya kona hupungua. Tulipoliendesha kwenye lami, likawa linatangatanga kama ng'ombe aliyekosa mchungaji. Propela nazo huanza kufanya kazi kwa pembe kali kuliko zilivyokusudiwa, krosi zikaisha upesi, na sakafu ikatetemeka. Vipo vipuri vya kusahihisha haya yote. Hilo halikuwa nacho hata kimoja.

Fundi akafungua kizibo cha difu ya nyuma na kutia kidole. Mafuta yalitoka meupe kama chai ya maziwa. Maana yake maji yaliingia, pengine katika mto ule ule uliokuwa kwenye picha alizotuonyesha muuzaji kwa fahari.

Kuhusu tairi, wengi huona ukubwa tu. Chukua gari lililotoka kiwandani na tairi za kimo cha inchi 30, kisha likavishwa za inchi 33. Shemeji, akili zikiwa zimemrudia, alipiga hesabu hapo hapo: ni nyongeza ya asilimia 10. Mshale wa kasi ukisoma 80, wewe uko 88. Breki zinapambana na gurudumu kubwa zaidi kwa nguvu zile zile za zamani, na gia zinakuwa nzito mlimani. Soma pia umri wa tairi ubavuni. Tarakimu 4 za mwisho katika ule mstari wa herufi za DOT ni juma na mwaka, kwa mfano 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi yaweza kuwa na meno mazima na bado mpira wake umezeeka na kupasuka.

Tulipoinua boneti tulikuta injini ya dizeli ya Isuzu. Hilo si jambo geni Kenya. Wengi hulisifu kwa kuwa vipuri vyake hupatikana hata kwenye vituo vidogo, nami sina ugomvi nalo. Ugomvi ulikuwa kwenye logbuku, ambayo bado ilikuwa na nambari ya injini ya zamani. Mabadiliko ya injini, rangi au umbo la bodi yanapaswa kuandikishwa na NTSA. Usipohakikisha, mzigo wa kueleza utakuwa wako, siku ya ukaguzi au, vibaya zaidi, siku ya kudai bima. Kampuni ya bima pia iambiwe mapema kuhusu winchi, hema na kila kilichoongezwa. Kabla ya hayo yote, lipia upekuzi wa rekodi za gari ili ujue kama benki au mkopeshaji hana mkono wake humo.

Dada yangu, aliyekuwa kimya muda wote, alifungua mlango wa nyuma. Kulikuwa na mabenchi mawili ya kutazamana, bila mkanda hata mmoja.

"Na wanangu watakaa wapi?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Nadhani hilo ndilo lingekuwa swali la kwanza kabla ya mengine yote: gari hili lilitengenezewa kazi gani, na je, ndiyo kazi yako? Wapo wanaotengeneza magari kwa ajili ya Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia ua wa msitu wa Aberdare, ua ambao ulikamilika 2009. Huko mshindi ni yule anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, hata ikibidi apande mwamba ulio wima. Gari la kazi hiyo ni ajabu kulitazama. Kulipeleka shuleni Jumatatu asubuhi ni adhabu. Kwa jamaa inayotaka kufika Magadi, Chalbi au ndani ya Aberdare wakati wa matope, springi zilizoinuliwa inchi 2, tairi nzuri na mikanda kwenye viti vyote hutosha na kubaki.

Miezi 2 baadaye shemeji alipata Toyota Prado ya mwaka 1998 kutoka kwa mzee mmoja mstaafu. Halikuwa na bomba ubavuni, na taa zilikuwa zile za kiwandani. Lakini mzee alileta faili lenye risiti za kila kitu: springi zilifungwa lini, na nani, kilomita ngapi. Alipoulizwa kwa nini anauza, alionyesha goti lake. Fundi wetu alitandika gunia kama kawaida, akalala huko chini karibu saa nzima. Alitoka na kosa moja tu, sili ya difu iliyokuwa ikivuja, nayo ikapunguza bei kwa shilingi 40,000.

Safari ya kwanza ilikuwa Magadi, kilomita 110 hivi kutoka Nairobi. Wapwa zangu walifungwa mikanda, nyuso zikitazama mbele. Shemeji alisimama mara 4 njiani kuchungulia chini, mpaka dada yangu akamwambia kama anapenda huko, asafiri huko.

Ile Defender ya kijani bado iko chini ya mjakaranda. Nilipita pale majuzi. Taa sasa ni 13.