Kalemie: Muhogo wa majani ya rangi mbili, pambo au ugonjwa?

Wakulima wa Katanika, kandokando ya mji wa Kalemie, wanashauriwa kuchunguza majani ya muhogo kabla ya kukata miti ya kupanda. Jani lenye kijani na manjano laweza kuwa la mmea wa pambo, lakini shambani mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa mozaiki.

Muhogo wa pambo upo kweli. Katika nchi za baridi, wapenda maua huupanda ndani ya chungu na kuuweka karibu na dirisha. Manjano yake yametokana na badiliko la asili katika mmea wenyewe: sehemu hiyo imepungukiwa na rangi ya kijani inayotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Ndiyo sababu hukua polepole na huhitaji mwanga mwingi na udongo usiotuamisha maji. Tawi likirudia kijani kitupu hukatwa, kwa kuwa lina nguvu zaidi na litayashinda mengine.

Mozaiki, ambayo Tanzania huitwa batobato, ni jambo lingine. Mtaalamu Mjerumani Warburg aliieleza mwaka wa 1894 katika eneo la Usambara, Tanzania ya leo. Huletwa na virusi vinavyobebwa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani. Katika miaka ya 1990, aina kali iliharibu mashamba ya Uganda, kisha ikaenea nchi jirani, Kongo ikiwemo.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Kwenye muhogo wa pambo, manjano hukaa katikati ya jani, kijani pembeni, na jani limenyooka. Kwenye mozaiki, madoa yametapakaa ovyo, jani limejikunja na kuwa dogo, na mmea unadumaa. Sombe ya mti huo haimwambukizi mtu virusi, lakini mizizi huwa midogo, na bukari hupungua nyumbani.

Hatari kubwa iko kwenye mbegu. Muhogo hupandwa kwa vipande vya mti, na kipande kilichotoka kwenye mti mgonjwa hubeba virusi hata kama kinaonekana kizima. Katanika ilipokea maelfu ya wakimbizi wa ndani kufuatia mapigano ya 2016 na 2017 kati ya Watwa na Waluba. Jamaa inayoanza shamba upya hupanda miti inayopewa na jirani, na ugonjwa waweza kuingia nayo.

Kwa hiyo miti ya mbegu ichaguliwe mapema, majani yakiwa bado juu, na ile mizima ifungiwe kamba iwe alama. Mvua zikianza mwezi wa kumi, vikatwe vipande vya sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye miti hiyo tu. Katika miezi ya kwanza, mche wenye majani yaliyojikunja ung'olewe na kutolewa shambani. Aina zinazovumilia mozaiki zipo pia. Nchini Kongo, INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, imekuwa ikizitoa.

Na anayetaka muhogo wa pambo barazani aukague vivyo hivyo, kwani nao waweza kushikwa na mozaiki, na inzi weupe huruka kutoka chunguni hadi shambani.