Goma: Mashine inaandika haraka, lakini Kiswahili chetu bado inakikosea

Mtafiti akirudi kutoka Kanyaruchinya ama Sake na rekodi za mahojiano ndani ya telefone, kazi ndefu inamngoja ofisini: kusikiliza, kusimamisha, kurudisha nyuma, kuandika neno kwa neno, kisha kutafsiri kwa Kifaransa. Mahojiano ya saa moja yanaweza kula saa nne ama zaidi. Programu za akili bandia zinamaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Katika mji wenye mashirika mengi ya misaada, pamoja na vyuo vikuu kama UNIGOM na ULPGL, huo ni msaada mkubwa.

Shida inaanza pale unaposoma kile mashine imeandika.

Tuchukue sentensi ambayo kila mkaaji wa Goma anaielewa: «Mama alitumika kwa waaskari miaka mbili.» Kwetu, kutumika ni kufanya kazi. Huenda mama huyo alikuwa anapika ama kufua nguo. Lakini kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, kutumika ni kufanywa chombo. Mashine iliyojifunza kule inaweza kuandika kwa Kifaransa kwamba waaskari walimtumia. Katika ripoti juu ya ukatili wa kijinsia, hilo ni shtaka zito ambalo mama mwenyewe hakulisema.

Mfano mwingine: «Nilipeleka mutoto kwa muganga.» Goma, muganga ni daktari wa hospitali. Msomaji wa pwani anaweza kufikiri mganga wa kienyeji. Katika uchunguzi juu ya kipindupindu, kosa hilo linaonyesha wazazi wanakwepa kituo cha afya, na mradi mzima unaweza kupangwa vibaya.

Sababu ni mafunzo ya mashine zenyewe. Whisper, programu ya kuandika sauti ambayo kampuni ya OpenAI ilitoa Septemba 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na karibu theluthi mbili zilikuwa za Kiingereza. Julai 2022, kampuni ya Meta ilitoa mashine ya kutafsiri lugha 200. Kiswahili kimo, lakini kile chenye alama ya kimataifa swh, cha pwani. Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc, na hakikuwamo katika orodha hiyo.

Kukifundisha kunawezekana. Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, shirika la Translators without Borders lilitengeneza programu iliyoitwa Uji, ya kujibu maswali ya Wakongomani kwa Kifaransa, Lingala na Kiswahili cha Kongo.

Jambo la pili ni siri. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, na mtu anayekubali kuzungumza na mtafiti anaweka usalama wake rehani. Ukiingiza rekodi yake katika programu ya intaneti, sauti inasafiri hadi kompyuta za kampuni iliyo mbali. Kanuni ya kidijitali ya RDC, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za binafsi za raia. Lakini sauti ikishatoka, si rahisi kuirudisha.

Kuna njia za kujikinga. Whisper inaweza kuwekwa ndani ya kompyuta yako na kufanya kazi bila intaneti, hivyo rekodi haitoki ofisini. Majina ya watu na ya vijiji yabadilishwe kuwa namba kabla ya maandishi kupelekwa kwa programu yoyote ya kutafsiri. Na mtu aliyezaliwa na Kiswahili cha hapa asome maandishi huku anasikiliza rekodi, hasa pale penye kitendo, kiasi ama jina la mshukiwa.

Kazi hiyo ya kusahihisha inastahili malipo. Mashirika yanayopunguza waandishi na watafsiri kwa sababu «mashine inafanya» yajue kwamba kosa likifika Kinshasa ama Genève, hakuna huko atakayelitambua. Atakayelipa ni yule aliyekubali kusema.