Mafuta ya mimea yatafutiwa nafasi katika vita dhidi ya bakteria sugu

MFUGAJI wa ng'ombe wa maziwa katika kata ya Theta, eneo bunge la Juja, anaujua uchungu wa kumwaga maziwa. Ng'ombe anapougua kiwele hutibiwa kwa viuavijasumu, na maziwa yake hayafai kuuzwa hadi siku zilizoagizwa zipite. Hasara huzidi iwapo bakteria wamekuwa sugu na dawa ikashindwa.

Tatizo hilo si la mifugo pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba watu milioni 1.27 walifariki duniani mwaka wa 2019 kutokana na maambukizi ya bakteria sugu. Ndiyo sababu wanasayansi wameyageukia mafuta yenye harufu kali yanayotolewa kwenye mimea kwa mvuke, yakiwemo ya karafuu, mchaichai na mkaratusi.

Ukamuaji wa mafuta hayo si jambo geni nchini. Kando ya msitu wa Kakamega, kikundi cha wakulima cha Muliru, kwa ushirikiano na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kimekuwa kikitengeneza dawa ya kuchua ya Naturub kutokana na mmea wa jamii ya mrihani. Mwaka wa 2010 kikundi hicho kilituzwa Tuzo ya Equator.

Nguvu ya mafuta haya imo katika kemikali zake. Eujenoli, iliyo nyingi katika karafuu, hupenya utando unaoizunguka bakteria na kuutoboa, yaliyomo ndani yakavuja. Kikwazo ni kwamba mafuta hayachanganyiki na maji, ilhali bakteria huishi penye maji.

Hapo ndipo nanoemulsheni inapohitajika. Mafuta huchanganywa na maji pamoja na kiungo kinachoyashikanisha, kisha husukumwa kwa shinikizo kubwa au kutikiswa kwa mawimbi ya sauti hadi yakawa matone madogo mno. Viwanda vya maziwa hutumia mbinu inayofanana na hiyo ili malai isielee juu. Tofauti ni ukubwa: matone ya nanoemulsheni kwa kawaida huwa na upana wa kati ya nanomita 20 na 200, ilhali unywele mmoja wa binadamu una takriban nanomita 80,000.

Matone hayo hutawanyika sawasawa, hayatengani upesi na maji, na huweza kuwafikia bakteria wengi kwa mafuta machache. Hata hivyo, udogo pekee hautoshi. Kiungo cha kushikanisha kikizidi, huyafungia mafuta ndani yasiwafikie bakteria. Aidha, bakteria kama E. koli, wenye utando wa ziada wa nje, kwa kawaida huwa wagumu kuuawa kuliko stafilokoka, ambao ni miongoni mwa wanaosababisha kiwele.

Jambo la kuzingatiwa ni kuwa kuua bakteria katika maabara si sawa na kumponya mgonjwa. Mafuta yasiyozimuliwa huchoma ngozi, na yakinywewa yanaweza kumdhuru mtoto vibaya. Tena, kuyakoroga na maji jikoni hakutoi nanoemulsheni.

Kwa sasa, kinga ya mfugaji ingali ile ile: mikono na chuchu safi, zizi kavu, na ushauri wa daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa. Kila kiuavijasumu kinachotumiwa ovyo leo humpunguzia silaha atakayeugua kesho, awe ng'ombe au mtu.