Ordinateri mupya, imprimanti ya zamani: musiitupe haraka



Mara nyingi tunapopita kwenye biro zenu, tunakuta ordinateri mupya juu ya meza, na imprimanti ya zamani chini, imejaa vumbi. Tukiuliza, tunajibiwa: "Haina tena pa kuingia." Ni kweli, ordinateri nyingi za leo ziko na matundu ya USB tu. Lakini mashine yenyewe ingali nzima.

Tena ile imprimanti ya utepe, yenye makelele, inafanya kazi ambayo zingine haziwezi. Inagonga karatasi kwa sindano. Ukitia kaboni katikati, risiti mbili zinatoka mara moja: moja ya mukulima, moja ya depo. Imprimanti ya wino ao ya lazeri haigongi, kwa hiyo kaboni haisaidii kitu. Siku watu wanabishana juu ya kilo za kahawa, ile kopi ya mukulima njo ushahidi wake.

Basi, muangalie kwanza kichwa cha kable.

Kama ni kirefu, chenye meno 25, ni cha imprimanti. Mutafute adaptateri ya USB ya imprimanti. Lakini mujue: programu za zamani sana, zile za DOS, mara nyingi hazitaiona.

Kama ni kidogo, cha matundu 9, mara nyingi ni cha mizani ya umeme. Hiyo inaomba adaptateri ingine, ya "serie". Ordinateri itaipa namba, kama COM3, na programu ya mizani inapaswa kuandikiwa namba ile ile. Ukihamisha adaptateri kwenye tundu lingine la USB, namba inaweza kubadilika. Mutie alama ya rangi kwenye tundu, isihamishwe.

Hizi kable za zamani, musizichomeke wala kuzichomoa mashine zikiwaka. Muzime kwanza.

Mbele ya kununua, mubebe kable yenyewe dukani, na muulize kama piloti ya adaptateri inakubali Windows yenu. Kisha mujaribu risiti moja na kaboni. Ikisomeka vizuri kwenye karatasi ya chini, mashine yenu ingali na kazi.