Breki Zinazougua kwa Kupumzika
Mnunuzi wa gari la haibridi lililotumika Japani na kushushwa Mombasa huweza kuona pedi za breki zingali nene, akaridhika. Kuridhika huko kuna hatari. Katika gari la aina hii, dereva akanyagapo breki taratibu, mota ya umeme ndiyo hupunguza mwendo, ikigeuka jenereta na kuijaza betri. Pedi na diski hupumzika mno. Kutu huzivamia na pini zinazoongoza pedi hukwama. Hata hivyo, katika kusimama kwa ghafla, hizo ndizo zitegemewazo. Hivyo basi, fundi hana budi kufungua kila gurudumu, kusafisha pini na kuzitia grisi, na kubadilisha mafuta ya breki yaliyonyonya unyevu. Unene wa pedi si ithibati ya uzima wa breki.