Mti wa Manjano Wenye Jina la Mtawa

Katika nchi kavu kama ya Lalago, wilayani Maswa, hupendwa mti wa mapambo unaostahimili ukame na usioliwa na mbuzi. Mmojawapo ni huu wa majani membamba yang'aayo na maua ya manjano mfano wa tarumbeta. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Mwaka 1753 Linnaeus wa Sweden aliuita Cerbera thevetia, jina la pili likimkumbuka André Thevet, Mfransisko wa Ufaransa wa karne ya 16 (heshima ya ajabu kidogo, kama tutakavyoona). Leo huitwa Cascabela thevetia, wa jamii ya Apocynaceae.

Ukivunja tawi, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Tusiuchanganye na miti ya manjano ya jamii ya kunde, izaayo maganda marefu. Huu huzaa tunda la kijani ambalo huwa jeusi likiiva, lenye kokwa ngumu ndani. Watoto huvutiwa kuzichezea kokwa hizo, nazo zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo hata kuua. Aliyezila apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado hajalalamika, pamoja na kipande cha tunda.